Rangi Hupimwa Ukutani, Si Dukani

Fundi anatazama kuta, anatazama dari, kisha anasema: "Lete ndoo mbili, zikipungua utaongeza." Mwenye nyumba anatoa fedha. Kazi ikiisha, ama lita nane zinagandia stoo, ama chumba cha mwisho kimeishia nusu na dukani hakuna tena rangi inayofanana na ile ya kwanza. Hasara zote mbili huzuilika kwa futi, kalamu na hesabu ya shule ya msingi.

Tuanze na chumba kimoja cha mita 4 kwa 3.5, chenye kuta za kimo cha mita 2.7. Jumlisha pande zote nne: mita 15. Zidisha kwa kimo, unapata mita za mraba 40.5. Toa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.5, jumla mita za mraba 6.4. Zinabaki 34 za kupaka. Mikono miwili ni 68.

Sasa lita. Kwenye ukuta uliopigwa skimu na kulainishwa kwa msasa, lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Shika 10. Chumba chetu kinahitaji lita 6.8. Ongeza asilimia 10 kwa rangi inayobaki kwenye rola na ya kurekebisha madoa baadaye: lita 7.5. Nunua galoni mbili za lita 4.

Kiwango hicho cha mita 10 kina sababu yake. Lita moja ikienea kwenye eneo hilo huacha utando wa milimita 0.1, sawa na unene wa karatasi ya kuandikia. Maji yakishakauka, kinachobaki aghalabu hakifiki nusu ya hapo. Ndiyo maana mkono mmoja hautoshi. Na ndiyo maana rangi iliyozidishiwa maji kuliko maelekezo ya kopo huonekana kuenea sana, kumbe ukuta umepakwa maji.

Plasta mpya ina hesabu yake, kwa kuwa hunywa rangi. Bila prima, lita moja inaweza kuishia kwenye mita 6. Kwa chumba kilekile, mkono wa kwanza utachukua lita 5.7 na wa pili 3.4. Ukiweka na asilimia 10 yako, umefika lita 10, yaani galoni ya tatu. Iache plasta ikauke wiki nne, piga prima, ndipo ufungue rangi.

Tupanue hadi nyumba yenye vyumba vitatu vya ukubwa huo na sebule ya mita 5 kwa 4, nayo yenye mlango mmoja na madirisha mawili. Kuta zote ni karibu mita za mraba 144. Kwa rangi moja nyumba nzima utahitaji lita 32: ndoo moja ya lita 20 na galoni tatu. Ukitaka kila chumba na rangi yake, kila hesabu itapandishwa hadi galoni kamili, nawe utanunua lita 36. Uzuri wa rangi nne unagharimu galoni moja zaidi. Ni bei ndogo, mradi uijue mapema.

Sehemu inayoumiza watu wengi ni bei ya ndoo. Tuseme ndoo moja ya lita 20 ni sh 60,000, lita yake inapaka mita 6 na inadai mikono mitatu. Nyingine ni sh 110,000, inapaka mita 10 kwa mikono miwili. Ya kwanza inakula nusu lita kwa kila mita ya mraba: sh 1,500. Ya pili inakula lita 0.2: sh 1,100. Kwa mita 144, ile "ya bei nafuu" imegharimu sh 216,000, na ile "ya ghali" sh 158,400. Tofauti ni sh 57,600, kabla hujamlipa fundi kwa mkono wa tatu.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji bei ya ndoo peke yake. Muulize lita inapaka mita ngapi na inahitaji mikono mingapi, kisha uthibitishe kwenye maandishi ya kopo. Nunua rangi ya chumba kizima kwa siku moja, yenye namba ileile ya toleo, na uichanganye kwenye chombo kimoja kabla ya kupaka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, pima kuta zako mwenyewe, uandike, na uende dukani na karatasi hiyo mkononi.