Moshi wa Gobore

Gobore likilia katika vichaka vya Itigi, mkoani Singida, wingu jeupe hutanda, na mtutu huachwa na ukoko mweusi. Ni rahisi kudhani kwamba baruti haikuungua sawasawa. Dhana hiyo ni potofu, nayo ina hatari yake.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa makaa, salfa na shura. Shura ndiyo itoayo oksijeni, hivyo mwako hauhitaji hewa. Hata ikiungua yote, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa yabisi, hasa chumvi za potasiamu, wala si gesi. Hayo ndiyo moshi na ukoko. Na ukoko hufyonza unyevu, ukaleta kutu. Askari wa Kijerumani waliopigana Tanga Novemba 1914, wengi wakiwa na bunduki za Mauser za 1871, walifichuliwa na moshi uo huo.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti ya nitroselulosi, ambayo karibu yote hugeuka gesi. Hiyo huungua kikamilifu pale tu kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kuta zinazoizuia, inapokuwa kubwa. Katika bastola, risasi iliyoshikwa kwa ulegevu ndani ya ganda huchomoka mapema, kanieneo ikapungua, na chembe za baruti zikatoka nzima. Hapo, kwa kweli, mwako haukukamilika.

Mtutu wa gobore, ambao mara nyingi ni kipande cha bomba la maji, haukuundwa kuhimili kanieneo hiyo. Amiminaye humo baruti ya risasi za kisasa, akitaka kuepuka moshi, aweza kupasukiwa na mtutu karibu na uso, akapoteza jicho au vidole.