Mashine ya Mkanda wa Msasa kwa Visu vya Mdalasini

Ndugu mkulima wa Matombo, na wewe ndugu mhunzi unayemfulia visu, leo tuzungumze juu ya bapa la kisu.

Mvua zikinyesha, gome la mdalasini huachia mti kwa urahisi, na huo ndio wakati wa kulimenya. Kazi hiyo yataka kisu chembamba. Kisu kinene hupasua gome, na gome lililopasuka-pasuka hushuka daraja mbele ya mnunuzi. Kwa hiyo kisu kibaya ni hasara ya shamba zima.

Wahunzi wetu hufua visu kwa chuma cha springi za magari. Chuma hicho ni kizuri. Taabu huanzia kwenye kusaga. Juzi kikundi kimoja cha wakulima waliniuliza: "Bwana shamba, tumechanga fedha, mhunzi wetu tumnunulie mashine gani?" Jibu langu ni hili: msitazame nguvu ya mashine peke yake. Tazameni kama inatoa bapa lililo sawa, na kama haiunguzi chuma.

Kwa nini mkanda, si jiwe la duara? Jiwe la duara huacha kibonde ubavuni mwa kisu kwa sababu lenyewe ni mviringo. Mkanda wa msasa ukipita mbele ya bamba la chuma lililonyooka, huacha bapa lililonyooka toka mgongoni hadi makalini.

Sasa, mkifika dukani au kwa fundi, kagueni mambo manne.

Kwanza, bamba la nyuma ya mkanda. Simamisha rula ya chuma juu yake, utazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, bamba limebonyea, na kila kisu kitarithi kasoro hiyo. Liwe chuma kigumu, tena la kufunguka ili libadilishwe likilika.

Pili, mwendo. Mota nyingi za umeme wetu huzunguka mara 1,400 hivi au 2,800 hivi kwa dakika. Chukua kipenyo cha gurudumu linalovuta mkanda, zidisha kwa 3.14, kisha kwa mizunguko hiyo. Gurudumu la sentimeta 10 na mota ya 1,400 hukimbiza mkanda mita 440 hivi kwa dakika. Gurudumu la sentimeta 15 na mota ya 2,800 hupita mita 1,300, yaani karibu mara tatu! Mwendo wa kasi unafaa kuondoa chuma kingi kabla kisu hakijachovywa. Kisu kilichokwisha kuchovywa kinataka mwendo wa taratibu. Iliyo bora ni mashine inayobadilika mwendo. Ikikosekana, chagueni ya taratibu.

Tatu, mikanda yenyewe. Mashine bila mikanda ni pambo. Ulizeni kwanza kama saizi yake inapatikana Morogoro mjini, maana kuteremka kupitia Mkuyuni kwa ajili ya mkanda mmoja ni gharama. Saizi inayotumiwa sana na watengeneza visu duniani ni upana wa milimita 50 na urefu wa milimita 1,830 hivi. Nunueni msasa mkali wa namba 36 au 60 wa kuanzia, kisha 120 na 240 wa kumalizia.

Nne, usalama. Ile mashine ya mkononi ya maseremala si ya kusagia chuma. Cheche zikiingia kwenye mfuko wake wa vumbi la mbao, moto huwaka. Vaeni miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi, na mashine ikae mbali na nyasi kavu na petroli.

Hata mashine nzuri huharibu kisu mikononi mwa mwenye haraka. Kabla ya kuchovya, acheni makali yawe na unene wa milimita moja hivi. Baada ya kuchovya, sageni kidogo kidogo, mkono bila kinga ushike chuma, na ndoo ya maji iwe karibu. Kikianza kuunguza vidole, tia majini. Makali yakigeuka buluu, chuma kimefika nyuzi 300 hivi, nacho kimelegea. Utakinoa asubuhi, adhuhuri ni butu. Dawa yake ni kurudi kwenye moto na kuchovywa upya.

Je, kila mhunzi anunue? La! Anayetengeneza visu vichache kwa mwaka atosheke na tupa bapa na kinoo. Ni kazi ya polepole, lakini haiunguzi chuma. Mashine moja kwa wahunzi kadhaa ni busara zaidi. Kabla ya kutoa fedha, waoneni watu wa SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, na mwende na kisu kimoja mkisage mbele ya muuzaji. Kikitoka kimenyooka na hakina buluu, lipeni. La sivyo, rudini na fedha zenu.

Kazi njema, ndugu mkulima.