Gari la Stima: Kilomita za Karatasi na Kilomita za Barabarani



Siku hizi vikundi vinatuuliza sana juu ya magari ya stima. Wamesikia kwamba hayanywi petroli, hayabadilishwi oili ya injini, na kwamba mtu hulichaji gari nyumbani usiku kama simu. Hayo ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo linaweza kumaliza akiba ya kikundi kama halikuelezwa mapema.

Kikundi kimoja upande wa Machakos kilitaka kununua gari la namna hiyo lililotumika Japani, lipeleke abiria na bidhaa Nairobi kila siku. Muuzaji aliwaambia: "Ukichaji mara moja, unaenda kilomita 400." Tulikuwa nao mkutanoni. Mweka hazina, mama mtu mzima, akauliza: "Hizo 400 nani alizipima, na alipitia barabara gani?" Watu walicheka, lakini hakuna aliyejibu. Leo tunajaribu kumjibu.

NAMBA HUTOKA WAPI?

Kilomita hizo hazipimwi barabarani. Gari huwekwa juu ya rola ndani ya nyumba, magurudumu yakazunguka huku gari limesimama pale pale. Dereva hufuata mwendo uliopangwa. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna matope, hakuna magunia ya viazi.

Na kila nchi ina kipimo chake. Tuchukue Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2017. Uniti hizi ni zile zile tunazonunua kwa tokeni. Gari hili lilipewa namba hizi:

- Japani, kwa kipimo cha zamani kiitwacho JC08: kilomita 400
- Japani, kwa kipimo kipya: kilomita 322
- Ulaya, kwa kipimo kiitwacho WLTP: karibu kilomita 270
- Marekani: maili 151, yaani kilomita 243

Gari ni lile lile, betri ni ile ile. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ametaja kipimo chake. Katika JC08 mwendo wa wastani ulikuwa karibu kilomita 24 tu kwa saa. Wamarekani hupima mwendo wa mjini na wa barabara kuu, kisha hupunguza matokeo kwa sababu wanajua maisha si kama rola. Muuzaji naye huchagua namba kubwa. Sisi tunawashauri mshike ile ya Marekani.

NI NINI KINAKULA CHAJI?

1. Mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo hulizuia gari kwa nguvu mara nne. Ndiyo maana gari la stima huenda mbali zaidi katika msongamano wa mjini kuliko likikimbia barabara kuu. Ni kinyume cha gari la petroli.

2. Mlima. Gari lenye watu, uzito wa tani 2, likipanda kimo cha mita 600 hula zaidi ya uniti 3 juu ya matumizi ya kawaida. Likiteremka hurudisha kiasi fulani kwenye betri, lakini si zote.

3. Mzigo, barabara ya marram, matairi yenye upepo mdogo, na kiyoyozi.

4. Umri wa betri. Betri huchoka hata kama gari linang'aa. Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo joto huizeesha haraka zaidi. Kwenye dashibodi kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Msivichanganye na vile vinavyoonyesha chaji. Kijiti cha kwanza kikizimika, betri imeshapoteza karibu asilimia 15. Vikizimika viwili, imepoteza zaidi ya asilimia 20, karibu robo.

TUFANYE HESABU

Tuseme gari la kikundi lina vijiti viwili vilivyozimika.

Tunaanza na 243, si 400. Tunatoa robo kwa uchovu wa betri: zinabaki karibu 182. Hakuna dereva mwenye akili anayengoja betri iishe kabisa, kwa hiyo tunaacha sehemu moja katika kila tano kama akiba ya njiani: zinabaki karibu 146.

Machakos hadi Nairobi ni karibu kilomita 65. Kwenda na kurudi ni 130. Gari litafika na kurudi, lakini zimebaki 16 tu. Mteja akiomba ashushwe mbele kidogo, au mkienda mbio, mnaanza kula ile akiba. Na hapo hatujahesabu mlima wala mzigo.

NA KUCHAJI JE?

Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa uniti 2 hadi 3 kwa saa. Kujaza betri ya uniti 40 kutoka chini huchukua saa 15 au zaidi. Gari likirudi saa 2 usiku na kutoka saa 11 alfajiri, limechajiwa saa 9 tu. Stima ikipotea usiku, kesho hakuna kazi. Nunueni tokeni zaidi ya uniti zinazoingia, kwa sababu sehemu hupotea njiani. Na fundi wa stima akague nyaya kwanza. Soketi dhaifu huungua.

Chaji ya haraka hufikisha asilimia 80 kwa dakika 40 hivi, kisha mwendo wake hupungua. Betri ikiwa moto huchelewa zaidi. Tena Leaf hutumia tundu la Kijapani liitwalo CHAdeMO, na si kila kituo kina plagi yake.

KABLA YA KUTOA PESA

- Pimeni safari yenu wenyewe, kwenda na kurudi, kwa kilomita.
- Hesabuni vijiti 12 mbele ya mashahidi. Ombeni pia fundi apime betri kwa kifaa chake, aandike asilimia kwenye karatasi.
- Endesheni gari kwenye njia yenu, likiwa na watu na mzigo wa kawaida. Andikeni chaji ya kuondoka na ya kufika.
- Tembeleeni kituo cha chaji cha mjini, muone plagi kwa macho yenu.
- Muulizeni muuzaji bei ya betri nyingine. Ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika gari hilo.

Muuzaji akikataa gari lijaribiwe, mwageni kwa heshima. Mbuzi aliye ndani ya gunia hanunuliwi.

Kikundi kile hakijanunua bado. Wamemwambia muuzaji alete gari siku ya soko, wapande watu wanne na magunia mawili, waende Nairobi na kurudi. Mweka hazina amesema atakaa mbele, na daftari mkononi. Tunawaunga mkono. Mali bila daftari hupotea bila habari.