Akili ya mwanamichezo wa shule hunolewa kama miguu yake

ILIKUWA Agosti 11, 2017, jijini London, katika fainali ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa wanawake kwenye Riadha za Dunia. Beatrice Chepkoech wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliopigiwa upatu kutwaa nishani. Mbio zikiwa bado changa, alipitiliza kona inayoelekea kwenye kidimbwi cha maji. Alipotambua kosa lake, ilimbidi arudi nyuma, aruke kidimbwi hicho, kisha aanze kuwafukuza wenzake ambao tayari walikuwa wamekwenda zao.

Wengi wangeingiwa na fedheha mbele ya umati ule na kujiondoa. Chepkoech aliendelea kukimbia na akamaliza wa nne. Julai 20, 2018, mjini Monaco, aliandikisha rekodi mpya ya dunia ya dakika 8 na sekunde 44.32, akipunguza ile ya awali kwa zaidi ya sekunde nane. Mwaka wa 2019 alitawazwa bingwa wa dunia jijini Doha.

Kosa la London lilikuwa la umakini, wala si la miguu. Na kilichomrejesha mbioni hakikuwa pumzi tu. Ilikuwa pia uwezo wa kuliacha kosa pale lilipotokea na kushughulikia hatua iliyofuata. Uwezo huo ndio unaokosekana katika ratiba za mazoezi za shule nyingi za upili nchini.

Kila mwaka, wanafunzi hushiriki mashindano ya shule kuanzia kaunti ndogo hadi kiwango cha kitaifa. Walimu huwafunza kupiga sevu, kumiliki mpira, kupokezana kijiti na kuongeza kasi katika mzunguko wa mwisho. Lakini mchezaji anapotetemeka mbele ya lango, funzo analopewa ni neno moja: "Jikaze!" Hiyo ni amri isiyo na maelezo. Ni sawa na kumsukuma majini asiyejua kuogelea, kisha kumwamuru aogelee.

Matokeo yake huwa mabaya. Mwanafunzi hodari mazoezini ambaye hulegea siku ya mashindano hupewa jina la mwoga. Huachwa nje ya timu na hatimaye huuweka mchezo kando, ilhali alichokosa ni ujuzi ambao hakuna aliyemfundisha.

Wataalamu wa saikolojia ya michezo hutaja stadi kadhaa ambazo kijana anaweza kujifunza. Miongoni mwazo ni kuweka malengo, kudhibiti wasiwasi, kuelekeza umakini, kujisemesha kwa maneno yafaayo na kujenga taswira ya mchezo akilini.

Tuanze na wasiwasi. Mwaka wa 1908, wasomi wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kutumia panya. Waligundua kwamba msisimko husaidia kazi ngumu hadi kiwango fulani, na ukipita hapo huiharibu. Kadiri kazi ilivyokuwa ngumu ndivyo kiwango hicho kilivyofikiwa mapema. Kanuni hiyo ilikuja kutumiwa pia katika kueleza michezo ya binadamu. Ndiyo sababu hotuba kali ya kocha inaweza kumfaa mchezaji wa raga anayeingia kwenye msukumano, ikamharibia mwenzake anayetakiwa kupiga mkwaju kwa utulivu kati ya milingoti miwili. Mori ni kama chumvi mchuzini; ukizidi huharibu chakula.

Njia nyepesi ya kuupunguza ni pumzi. Mchezaji hufundishwa kuvuta hewa polepole hadi tumboni, kisha kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Mapigo ya moyo hutulia na misuli ya mabega hulegea. Zoezi hilo halihitaji vifaa wala fedha. Dakika tano kabla ya mazoezi ya jioni zinatosha, mradi lifanywe kila siku hadi liwe mazoea.

Malengo nayo yana daraja zake. "Tushinde fainali" ni lengo linalotegemea wapinzani, refa na hata hali ya hewa. "Nipunguze sekunde mbili katika mita 800" linamhusu mwanafunzi mwenyewe. Na "nilegeze mabega katika mita 200 za mwisho" ni jambo analoweza kulifanya papo hapo. Kijana aliye na lengo la mwisho huwa na kazi ya kufanya hofu inapomjia, na akili iliyoshughulika haina nafasi kubwa ya kuogopa.

Kujisemesha hufuata kanuni hiyo hiyo. Anayejiambia "nisikose" hujikumbusha kukosa. Ni afadhali awe na neno fupi linaloeleza kitendo, kama vile "macho mpirani" au "magoti juu". Vivyo hivyo kwa taswira. Mwanafunzi hufumba macho akauona uwanja, akaisikia filimbi, akakimbia mbio zake akilini kwa mwendo wake halisi. Asijione akishinda tu. Ajione pia akijikwaa, kisha akiinuka.

Stadi hizi hazifunzwi kwa hotuba asubuhi ya fainali. Huingizwa ndani ya mazoezi. Kocha anaweza kuwapigisha wachezaji penalti wakiwa wamechoka, huku wanafunzi wenzao wakiwazomea. Anaweza kuanzisha mechi ya mazoezi timu moja ikiwa nyuma kwa mabao mawili, au kutoa uamuzi usio wa haki kimakusudi ili wajifunze kunyamaza na kuendelea. Kila kosa lifuatwe na utaratibu mmoja: kutoa pumzi, kutaja neno fupi, kurudi mchezoni.

Mwenendo wa kocha mwenyewe pia ni somo. Anayerukaruka pembeni mwa uwanja akimtukana refa hawezi kuwadai vijana utulivu ambao yeye hana.

Kujiamini nako kuna chanzo. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka wa 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana hasa na mafanikio yake mwenyewe, kisha kuwaona watu wa hali yake wakifaulu, kutiwa moyo, na jinsi anavyohisi mwilini. Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, ni mfano. Peter Rono, aliyesomea huko, alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 1,500 jijini Seoul mwaka wa 1988. Kwa mvulana anayetimua vumbi kwenye barabara zile zile alizopita Rono, ubingwa wa dunia si hadithi ya mbali. Shule isiyo na bingwa inaweza kuanza na mafanikio madogo yanayoandikwa daftarini kila wiki.

Hata hivyo, mipaka ipo. Utulivu wa akili hauwezi kuziba pengo la mazoezi duni. Aidha, stadi hizi si tiba. Mwanafunzi asiyepata usingizi, anayejitenga na wenzake au anayezungumza kama aliyekata tamaa ya maisha anahitaji mwalimu wa ushauri nasaha na mhudumu wa afya, wala si zoezi la kufumba macho.

Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo katika shule za upili. Hiyo ni nafasi nzuri ya kulipa somo hili mahali pake. Lakini mwalimu hana haja ya kungoja kitabu kipya. Filimbi, uwanja na dakika tano anazo.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Wengi wa vijana hawa hawatafika Olimpiki. Wote, hata hivyo, watapitiliza kona fulani maishani, na watahitaji kujua namna ya kurudi, kuruka kiunzi walichokiacha na kuendelea na safari.