Radiateri mpya: mambo ya kujua mbele ya kushika funguo

Baba wengi wa Lubumbashi wanatengeneza motokari yao wenyewe mu lupango, na vijana wanapenda kusaidia. Kubadilisha radiateri haiko kazi ngumu sana, lakini inaweza kuunguza mtu ao kuharibisha motere.

Zamani radiateri nyingi zilikuwa za shaba, mali ya udongo wetu. Ikitoboka, fundi aliziba tundu kwa kulehemu. Nyingi za sasa ni za aluminiyumu, na masanduku yake ni ya plastiki. Plastiki ikipasuka hailehemiki. Ndiyo maana watu wananunua ingine, ya kiwanda kingine, yenye bei ya chini.

Mbele ya kulipa, peleka ile ya zamani mukalinganishe: upana, unene, midomo ya matiyo, pahali pa ventilateri. Kama vitesi ni otomatiki, angalia tena midomo miwili midogo ya mafuta.

Jiulize pia: sababu gani motere ilipata moto? Kama ni pompo ya maji, termostati ao ventilateri, radiateri mpya haitaponyesha kitu. Na kutosha termostati haiko dawa: motere inakawia kupata moto wake na inakula esanse.

Basi, kazi yenyewe:

1. Ngojea motere ipoe kabisa. Mji wetu uko juu, karibu metre 1.200, na maji ya sufuria wazi yanachemka kwa digrii 96 hivi. Kifuniko cha radiateri ndicho kinayakaza, yapite digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungula ingali moto, maji yanageuka mvuke na kukurukia ku uso. Kifuniko kilicholegea, kibadilishe.

2. Tosha waya ya batri. Kinga maji na beseni. Dawa ya radiateri iko tamu, lakini ni sumu: batoto na imbwa wasiikaribie, na usiimwange mu mufereji.

3. Fungula matiyo na buloni. Weka radiateri mpya juu ya mipira yake, na usikaze kwa nguvu, plastiki itapasuka. Kolie zenye kutu, weka mpya.

4. Jaza polepole dawa iliyochanganywa na maji safi. Maji ya kisima yanaweza kuacha chokaa mu matundu madogo. Fungula shofaji, washa motere, ongeza maji kadiri hewa inatoka, kisha funga kifuniko.

Asubuhi, motere ikiwa baridi, angalia tena maji, na uchungulie chini kama hakuna tone.

Mbele ya kwenda Likasi, kilometa 120, jaribu kwanza mu mji. Vijana, mukiona mushale wa moto unapanda, muambie baba asimame pembeni na kuzima motere. Afadhali kuchelewa ku harusi kuliko kununua motere ingine.