Mushahara ukikwama mu ordinateri, tuombe kaye yake

Mwisho wa mwezi, wafanyakazi wengi wa mine wanapewa jibu moja ku ofisi ya paye: « Ni ordinateri ilikosea. » Masaa ya usiku hayamo, alokasioni ya watoto haimo, na mama ku nyumba anangojea pesa ya masomo. Sisi wa sendika tunasema jibu ile haitoshi.

Mushahara wa watu wengi unapigwa hesabu na skripti, ni kusema maagizo marefu, mustari kwa mustari: soma pointaji, hesabu masaa, kata kodi, kata cha CNSS. Kazi ile inaweza kukamata masaa mengi, na inaweza kukatika katikati.

Lakini dawa iko tangu zamani. Screen ya mwaka 1987 na tmux ya 2007 zinaacha skripti iendelee ku serveri hata kama ule aliyeianzisha amekatika ku rezo. Umeme ukizimika ku serveri yenyewe, hizo hazisaidii. Pale Make inafaa. Stuart Feldman aliiandika mu 1976 ku Bell Labs, Marekani. Inaangalia kazi gani imekwisha na gani imebaki. Ukirekebisha pointaji ya ekipi moja, inarudilia tu hesabu zenye kutegemea pointaji ile. Cron, yenyewe, inaanzisha kazi ku saa iliyopangwa, hata saa munane ya usiku. Programu hizi zinapatikana bure. Basi bei haiwezi kuwa sababu.

Tena skripti inaweza kuamriwa kuandika kila hatua na saa yake. Ile ni kaye ya poste. Chef anayetoka anaandika wapi kuna baruti haikulipuka, yule anayeingia anasoma mbele ya kushuka. Nani kati yetu angekubali kushuka pasipo kaye ile?

Ndugu madelege, ku mukutano na wakubwa tuulize mambo matatu: hesabu ilianza na kuisha saa ngapi? Ilisimama fasi gani? Nani aliirudilisha, na alibadilisha nini? Majibu yatoke mu kaye ya ordinateri, si mu kinywa tu.

Na sisi wote tuandike masaa yetu kila siku, tuchunge na karatasi za mushahara ku nyumba. Kaye yao na yetu zikikutana, ukweli utaonekana.