MKAGUZI ASIKAGUE KAZI YA MKONO WAKE

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vyetu vingi vimeushika usemi huo nusu. Daftari lipo, tena limejazwa vizuri, lakini aliyelijaza ndiye huyo huyo anayelikagua. Mali yaweza kupotea hata penye daftari la namna hiyo.

Mtindo wenyewe unajulikana. Mwaka wa hesabu umekwisha, Katibu hajafunga vitabu, na mkutano mkuu umekaribia. Mkaguzi afikapo anakabidhiwa gunia la stakabadhi na hati za malipo, naye anaombwa asaidie. Anaandika daftari la fedha, anatoa urari, anatengeneza mizania. Kisha, juu ya kazi hiyo hiyo, anatia saini kwamba ameikagua na kuiona ni sahihi. Katika kuzungukia vyama nimekuta mizania ambayo viongozi hawakuweza kunieleza hata tarakimu moja, wakanijibu, "Hayo anayajua mkaguzi."

Yafaa tutofautishe kazi hizi mbili. Kuandika hesabu ni wajibu wa chama, yaani watendaji wake chini ya usimamizi wa Bodi. Kukagua ni kuwahakikishia wanachama, kwa jicho la mtu wa nje, kwamba hesabu walizoandikiwa ni za kweli. Mtu mmoja akifanya yote mawili, wanachama wanabaki na jicho moja pale walipolipia mawili.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 300. Tuseme kilipokea shilingi 60,000,000 za kununulia kahawa, na hati za malipo kwa wakulima zikafikia shilingi 57,600,000. Katika sanduku zilipaswa kubaki shilingi 2,400,000, lakini zimekutwa 300,000 tu. Mkaguzi anayeandika vitabu kwa haraka huiweka tofauti ya shilingi 2,100,000 katika fungu la "wadaiwa mbalimbali", ili mizania ikae sawa. Mwaka wa pili anarudi, analiona fungu lile, analipitisha, kwa kuwa aliliandika yeye. Mkaguzi mgeni angeuliza, "Wadaiwa hawa ni akina nani?" Majina yasingepatikana. Kumbe kila mwanachama amepungukiwa shilingi 7,000 za malipo yake ya pili, wala hakuambiwa.

Haisemwi kwamba mkaguzi huyo ni mwizi. Aweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Lakini ni vigumu kwa mwanadamu kuliona kosa lake mwenyewe, na ni vigumu zaidi kulitangaza mbele ya mkutano. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinaitambua hatari hiyo ya mtu kujikagua, na pia hatari ya mkaguzi kutegemea mno malipo ya yule anayemkagua.

Wala jambo hili haliwapati wadogo peke yao. Huko Marekani, kampuni ya nishati iitwayo Enron iliilipa kampuni ya ukaguzi ya Arthur Andersen, kwa mwaka 2000, kiasi cha dola milioni 25 kwa ukaguzi, na dola nyingine milioni 27 kwa ushauri na huduma nyinginezo. Malipo ya pembeni yalizidi ya ukaguzi wenyewe. Desemba 2001 Enron iliomba kulindwa na sheria ya kufilisika, baada ya kudhihirika kwamba hesabu zake zilificha madeni. Wafanyakazi wengi walipoteza kazi pamoja na akiba zao za uzeeni. Mwaka 2002 nchi hiyo ilitunga sheria inayomkataza mkaguzi wa makampuni yenye hisa sokoni kuiandikia vitabu kampuni ile ile anayoikagua.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1982 iliunda Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, na hivyo ukaguzi ukakabidhiwa chombo kilicho nje ya vyama vyenyewe. Lakini sheria peke yake haifunguki daftari. Chama kikimpa mkaguzi kalamu yake, kimeurudisha ndani ukaguzi uliokuwa umewekwa nje.

Je, mkaguzi asisaidie kabisa? La. Aweza kuonyesha kosa, kueleza namna ya kulisahihisha, na kumwelekeza karani jinsi ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Lakini kuandika kubaki kwa chama, na kila sahihisho likubaliwe na viongozi wanaolielewa. Asishike fedha, asiandike hati za malipo, wala asihesabu magunia ghalani badala ya mtunza ghala. Ahudhurie na kushuhudia.

Ndugu Makatibu, daftari la fedha liandikwe kila siku, na urari utolewe kila mwezi. Chama kisicho na karani mwenye ujuzi kitafute mhasibu wa kuviandika vitabu, ambaye si mkaguzi wake, au kishirikiane na vyama jirani kumwajiri mmoja. Nanyi wanachama, taarifa isomwapo katika mkutano mkuu, ulizeni swali hili kabla ya kuipokea: nani aliyeandika hesabu hizi, na nani aliyezikagua? Jibu likiwa ni jina moja, taarifa hiyo msiipokee kwanza.